Upasuaji wa nyongo: ukosefu wa morfini usivalishwe koti jeupe

Ruashi, Lubumbashi. – Neno jipya linatembea katika mazungumzo ya wanganga, na kama mambo mengi ya udaktari limefika kwa Kifaransa: anestezi bila morfini. Maana yake ni kumlaza mgonjwa usingizi wa operesheni bila kumpa hata tone moja la dawa za jamii ya morfini, yaani morfini yenyewe, fentanili, sufentanili na ndugu zake. Ulaya na Marekani wataalamu wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi, na operesheni ya kutoa mfuko wa nyongo ni moja ya zile wanazotumia sana kulipima. Wabishane, ni kazi yao. Lakini neno hilo likitua mahali ambapo fentanili haikuwepo jana wala juzi, linakuwa jina zuri la ukosefu.

Na Ruashi inajua vizuri namna ukosefu unavyopewa majina mazuri. Umeme wa SNEL ukipotea siku tatu, unaitwa delestaji. Mgonjwa aliyepona akizuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, inasemwa anamaliza mambo ya karatasi. Mgonjwa akipasuliwa tumbo bila dawa kamili ya maumivu, isije nayo ikaitwa maendeleo ya sayansi.

Tuseme ni mama mmoja wa miaka arobaini hivi, aliyekimbia Goma baada ya mji kuanguka mwezi wa kwanza 2025, na sasa analala na watoto wanne katika chumba cha shemeji yake huko Kalukuluku. Usiku, baada ya kula chakula chenye mafuta, anashikwa na maumivu chini ya mbavu za kuume, yanapanda mpaka begani, anatapika mpaka asubuhi. Wiki ya kwanza inasemwa ni vidonda vya tumbo. Wiki ya pili malaria. Mwishowe ekografi inaonyesha mawe katika mfuko wa nyongo, na daktari anasema mfuko utoke. Mpango wa serikali wa kujifungua bure, ulioanzia Kinshasa mwezi wa tisa 2023, haugusi nyongo. Jamaa inachanga: wa Matoleo analeta kidogo, wa Shindaika kidogo, kanisa linapitisha kapu. Ordonansi inatoka, ndefu kama orodha ya soko: glavu, uzi, serumu, antibiotiki, katlepa ya mshipa. Jamaa inakimbia farmasi kwa farmasi.

Katika orodha hiyo, dawa ya maumivu mara nyingi ni mstari mmoja: parasetamoli ya mshipa, pengine na tramadoli. Operesheni inafanyika. Usiku wa kwanza mama hawezi kuvuta pumzi ya ndani, hawezi kukohoa, hawezi kugeuka. Anaambiwa: "Vumilia, mama. Si umezaa wanne?" Na jamaa ikiuliza kama hakuna sindano yenye nguvu zaidi, inajibiwa kwamba morfini ni hatari, na huko Ulaya wameiacha.

Ulaya hawakuiacha. Hilo liwekwe wazi kabla ya lingine lolote. Sehemu kubwa ya watu wanaolazwa usingizi wa operesheni Brussels, Paris au Johannesburg wanapewa bado dawa ya jamii ya morfini. Wanaoifanyia kazi njia isiyo na morfini hawakuondoa dawa na kuacha nafasi wazi. Wameweka dawa nne au tano mahali pa moja, pamoja na mashine za kuzichunga.

Jamaa inayochanga pesa ina haki ya kuelewa kinachofanyika pale ndani, kwa hiyo jambo hili lielezwe polepole. Usingizi wa operesheni si kitu kimoja. Kuna dawa ya kulaza akili, kama propofoli au gesi. Kuna dawa ya kulegeza misuli ili tumbo lifunguke na mpira wa kupumulia upite kooni. Na kuna dawa ya kuzuia mwili usipigane. Mtu aliyelala hasikii kisu kwa akili, lakini mwili unasikia: moyo unakimbia, shinikizo la damu linapanda, homoni za hofu zinamwagika. Hapo ndipo fentanili inapofanya kazi. Dawa hiyo ilitengenezwa Ubelgiji na Paul Janssen, mwaka 1960, mwaka uleule Kongo ilipopata uhuru, na tangu wakati huo imekuwa mkono wa kuume wa wanaofanya kazi ya anestezi duniani kote.

Ubaya wake unajulikana, na hakuna sababu ya kuuficha. Inapunguza pumzi. Inaleta kichefuchefu na kutapika, inafunga choo, inawasha ngozi. Katika nyongo ubaya huo una uzito wake, kwa sababu wenye mawe ya nyongo wengi ni wanawake, na wanawake wasiovuta sigara ndio wanaotapika zaidi baada ya operesheni. Mtaalamu wa Ujerumani, Apfel, alionyesha hivyo katika hesabu yake ya mwaka 1999, na dawa za jamii ya morfini baada ya operesheni zimo humohumo kama sababu nyingine. Kutapika na mshono mpya tumboni si jambo dogo. Wanaotafuta njia nyingine wana sababu.

Njia hiyo nyingine inachanganya ketamini kidogo, lidokaini inayotiririka katika mshipa, salfeti ya magnezi, deksametazoni, parasetamoli, dawa ya jamii ya diklofenaki, ganzi ya bupivakaini kwenye misuli ya tumbo au kwenye mshono, na mara nyingi deksmedetomidini, dawa ya kutuliza ambayo pia inapunguza mwendo wa moyo. Uturuki waliilinganisha na njia ya kawaida kwa wagonjwa 80 wa nyongo, wote wakitolewa mfuko kwa njia ya kamera na matundu madogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Waliopewa deksmedetomidini na lidokaini bila morfini waliumwa kidogo zaidi saa za kwanza kuliko wenzao, na walihitaji dawa ya kutapika mara chache zaidi. Wakati huohuo walichelewa kuamka, na shinikizo lao la damu lilipanda mara nyingi zaidi wakati wa operesheni. Huo ni ushindi mdogo, wenye bei yake.

Ufaransa ilifanya jaribio kubwa zaidi, katika hospitali kumi, kwa operesheni za aina nyingi na wagonjwa zaidi ya 300. Upande mmoja deksmedetomidini, upande mwingine remifentanili ya jamii ya morfini. Waliofanya jaribio walitumaini kwamba bila morfini watu watapata matatizo machache baada ya operesheni: oksijeni kushuka, matumbo kusimama, akili kuchanganyikiwa. Ikawa kinyume. Matokeo ya mwaka 2021 yanasema matatizo hayo yaliwapata 78 kwa 100 wa upande usio na morfini, na 67 kwa 100 wa upande wa remifentanili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa watano mioyo yao ilipunguza mwendo vibaya sana, na kwa baadhi yao ilisimama. Haki itendeke pia: upande usio na morfini walitapika kidogo zaidi na walihitaji morfini kidogo zaidi baadaye. Lakini ilikuwa Ufaransa, na mashine kila kitanda, na daktari wa anestezi ndani ya chumba. Moyo uliposimama kulikuwa na mtu wa kuuona, na mikono ya kuuamsha.

Sasa mtu aulize: kati ya hospitali za Ruashi na zile za jirani, ni ngapi zenye pampu ya umeme ya kusukuma lidokaini kwa kipimo, saa nzima, bila kuzidi? Lidokaini ikizidi katika damu inaleta degedege, kisha inasimamisha moyo. Dawa ya kuokoa mtu huyo ni mafuta maalumu ya mshipani ya asilimia 20, kitu ambacho jamaa inayotafuta glavu kwa shida haitakipata saa nane za usiku. Deksmedetomidini ni ghali na haipatikani ovyo, na haina dawa ya kuigeuza inayotumika kwa binadamu. Magnezi inarefusha nguvu ya dawa ya kulegeza misuli, na asiyekuwa na kipimo cha misuli atamtoa mgonjwa mpira kooni akidhani ameamka kumbe kifua bado kimelegea. Ketamini ndiyo rafiki wa zamani wa hospitali za Kongo, ilipatikana mwaka 1962, haisimamishi pumzi kirahisi, na imeokoa watu wengi katika vyumba vya operesheni visivyo na umeme. Lakini ketamini peke yake kwa operesheni ya nyongo inapandisha shinikizo na kuleta ndoto za kutisha. Hakuna profesa wa Ulaya anayeisifu hivyo.

Na fentanili? Ina dawa yake ya kuigeuza, naloksoni, ampuli ndogo, ya zamani, imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo wanaosema njia isiyo na morfini ndiyo salama kwa mahali maskini wamepindua mambo. Mahali maskini ndipo njia hiyo inapohitaji vitu vingi zaidi ambavyo havipo.

Kuna hoja moja tu ya upande huo ambayo haiwezi kutupwa, na inatoka Ruashi yenyewe wala haikutoka katika majarida. Ni usiku. Muuguzi mmoja kwa chumba kizima, pengine kwa vyumba viwili. Umeme umekatika, mashine ya kutengeneza oksijeni imezima. Mgonjwa aliyepewa morfini nyingi saa mbili za usiku analala usingizi mzito, pumzi zinapungua, na hakuna anayehesabu. Uchunguzi mkubwa wa upasuaji Afrika, uliofanyika katika nchi 25 kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 na kutangazwa mwaka 2018, ulikuta kwamba mgonjwa wa Afrika anakufa baada ya operesheni mara mbili ya kiwango cha dunia, ingawa ni kijana zaidi na mwenye afya zaidi kuliko mgonjwa wa kwingine. Na zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya operesheni, kitandani. Muuguzi anayeogopa morfini usiku si mjinga. Ameona.

Ila dawa ya hofu hiyo inajulikana. Kipimo kidogo, kinachorudiwa kwa saa badala ya sindano moja kubwa. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinachotumia betri. Naloksoni ndani ya droo, si ndani ya farmasi ya barabara ya pili. Na mlinda mgonjwa afundishwe. Hospitali za Kongo zina mtu ambaye Ulaya hawana: ndugu anayelala chini ya kitanda kwenye mkeka usiku kucha. Mtu huyo anaweza kuonyeshwa kwa dakika tano namna ya kuhesabu pumzi, na kuambiwa kwamba zikishuka chini ya 10 kwa dakika, au mgonjwa akiitwa asijibu, akimbie kumwita muuguzi palepale. Kumwacha mama akiumwa usiku kucha ili muuguzi asiwe na wasiwasi ni kuhamisha mzigo tu, kutoka kwa hospitali kwenda kwa mwenye mshono.

Tena maumivu yenyewe yanaua, jambo ambalo "vumilia" inalisahau. Hapa tofauti ya Ruashi na Uturuki ni kubwa. Utafiti ule wa 2015 ni wa matundu madogo na kamera. Wagonjwa wengi wa Lubumbashi wanafunguliwa kwa kisu, mshono mrefu chini ya mbavu, palepale tumbo linapopanda na kushuka kila mtu anapovuta pumzi. Anayeumwa hapo anapumua juu juu. Sehemu ya chini ya mapafu inajifunga, makohozi yanakaa, siku ya tatu homa inapanda na nimonia imeingia. Matokeo ya matundu manne hayawezi kubebwa hivihivi na kuwekwa juu ya tumbo lililofunguliwa. Anayefanya hivyo amesoma kichwa cha habari akaacha habari.

Halafu kuna watoto wa SS. Hapa ndipo ubishi wa wakubwa unapokutana na Kongo kweli. Ugonjwa wa SS unavunja chembe nyekundu za damu kila siku, na uchafu wa kuvunjika huko unageuka mawe katika nyongo, tangu utotoni. Kinshasa walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha 1.4 kwa kila 100 wamezaliwa na SS. Nchi yenye hesabu hiyo itakuwa na vijana wengi wa miaka kumi na tano, ishirini, wanaohitaji kutolewa mfuko wa nyongo. Kijana wa SS akiumwa baada ya operesheni na akapumua juu juu, oksijeni inashuka, chembe zake zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa ya mapafu, na hapo anaweza kufa katika siku mbili. Akipewa morfini kupita kipimo, pumzi inapungua na matokeo ni yaleyale. Diklofenaki, nguzo ya njia isiyo na morfini, inatakiwa kuogopwa kwake kwa sababu ya figo ambazo SS imekwisha kuzichosha. Kwa kijana huyu hakuna upande wa kushangilia. Anahitaji morfini kwa kipimo, ganzi ya tumbo, oksijeni, serumu, joto, na mtu wa kumtazama. Kumwambia mama yake kwamba morfini imepitwa na wakati ni kumdanganya mbele ya hatari.

Ni kweli pia kwamba wengi wanaogopa morfini kwa sababu ya habari za Marekani, na habari hizo si za uongo. Mwaka 2022 peke yake zaidi ya watu 80,000 walikufa huko kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo. Lakini waliuawa na nini? Janga lilianza na vidonge vilivyogawiwa kwa miezi na miaka kwa watu wenye maumivu ya mgongo na ya meno, huku makampuni yakisema havileti uraibu. Kampuni ya Purdue, iliyoleta OxyContin sokoni mwaka 1996, ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena 2020. Baadaye ikaja fentanili ya wizi, inayopikwa vichochoroni na kuuzwa barabarani. Ampuli ya fentanili inayofunguliwa mbele ya mgonjwa aliyelala, ikaandikwa katika daftari na chupa tupu ikahesabiwa, ni kitu kingine kabisa.

Na kuna kichekesho kichungu hapa. Tramadoli, kwa kuwa haiko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961 unaosimamia dawa za kulevya, inapita kirahisi, mpaka mikononi mwa vijana wasio na ordonansi wala ugonjwa. Morfini, inayofungwa kwa kufuli mbili, haifiki kwa aliyepasuliwa. Barabara imepata dawa kuliko hospitali.

Mkataba huohuo wa 1961, ambao viongozi wanautaja wanapotaka kukataza, unasema katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa matibabu. Nusu moja ya mkataba inatekelezwa. Nyingine imelala. Tume ya jarida la The Lancet ilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zote pamoja zinapata tani 0.1. Kilo mia moja. Kongo imo katika kundi hilo la kugawana kilo mia moja, na mamilioni yake yote ya watu, na vita vyake, na ajali za barabara ya Likasi, na akina mama wa operesheni ya kuzaa. Mtu akisimama mbele ya hesabu hiyo na kusema tatizo la Kongo ni morfini kuzidi, haoni aibu.

Uganda haikuwa tajiri ilipoanza. Hospice Africa Uganda ilifunguliwa Kampala mwaka 1993, ikaanza kuchanganya unga wa morfini na maji na kutengeneza dawa ya kunywa ya bei ndogo. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi waliofundishwa maalumu waweze kuiandika, si madaktari peke yao. Serikali ikaichukua dawa hiyo na kuitoa bila malipo. Ilianza kwa wagonjwa wa kansa, ndiyo, lakini mama aliyetolewa nyongo anaweza kuinywa pia mara tu anapoweza kumeza. Kampala ina delestaji vilevile na ina wauguzi wachache vilevile.

Wafanyakazi wa anestezi wa Lubumbashi wasibebeshwe lawama hii. Wengi ni wauguzi waliosomea kazi hiyo ISTM, na kwa ketamini, lidokaini na akili yao wanafanya mambo ambayo profesa wa Paris angetoka jasho kuyafanya. Akichagua leo kumfanyia mtu operesheni bila fentanili kwa sababu hana, ametumia alichonacho, na amefanya kazi yake. Lakini aandike hivyo kwenye karatasi ya anestezi: fentanili haikuwepo. Maneno mawili. Asiandike kwamba ni njia mpya. Karatasi elfu moja zenye maneno hayo mawili zina nguvu mbele ya wakubwa kuliko hotuba yoyote, na karatasi elfu moja zenye jina zuri la Kifaransa zitawaruhusu wakubwa kulala.

Maana wenye kujibu wapo na wana majina ya ofisi. Kuna CAMELU, ghala la kununua na kugawa dawa Lubumbashi. Kuna zone ya afya ya Ruashi. Kuna kitengo cha afya cha jimbo, na kuna ACOREP huko Kinshasa inayotoa ruhusa za dawa. Fentanili na morfini haziingii nchini kwa mfanyabiashara kuamua tu. Nchi inapeleka kila mwaka makadirio ya mahitaji yake kwa bodi ya kimataifa ya kusimamia dawa hizo, huko Vienna, na inaruhusiwa kununua kwa kadiri hiyo. Mahali pengi makadirio yanatungwa kwa kutazama kilichotumika mwaka uliopita. Hospitali iliyokosa mwaka jana haikutumia, na kwa kuwa haikutumia haikuombewa, na mwaka huu itakosa tena. Mduara huo hauvunjwi na mgonjwa anayevumilia kimya.

Jamaa nazo, na hasa zile zilizotoka Kivu, Tanganyika, Pweto au Mitwaba na hazina mjomba ndani ya hospitali, zisione aibu kuuliza kabla ya siku ya operesheni. Mgonjwa atalazwa usingizi kwa dawa gani. Usiku atapewa nini, saa ngapi, na nani atakuja kumwangalia. Kama hakuna morfini, je, daktari ataweka ganzi ya bupivakaini kwenye mshono kabla ya kufunga? Hiyo ni dawa ileile ya sindano ya mgongo inayotumika kwa akina mama wa kuzaa, na kuiweka kwenye jeraha ni kazi ya dakika chache. Na maumivu yake yapimwe na kuandikwa, sifuri mpaka kumi, kama joto linavyoandikwa. Aliye na nane saa sita za usiku aonekane kwenye karatasi kwamba alikuwa na nane.

Makadirio ya mwaka unaofuata hupelekwa Vienna kufikia tarehe 30 mwezi wa sita. Hospitali ambayo haijapeleka hesabu zake kwa zone ya afya mapema kabla ya hapo, huko juu itasomwa kama hospitali isiyo na mgonjwa anayeumwa.